Upanga Namba Nne

Jumatano, 4 Machi

Daftari jipya. Nimelinunua makusudi ya kukiri makosa, kwa hiyo nianze na lililo kubwa: nina wivu. Nina miaka hamsini na mbili, naendesha foklifti kwenye kiwanda cha vikata kucha hapa Seki, mji wa mafundi wa panga tangu kale, na huu ni mwaka wa kumi na nne namwonea wivu daktari wa meno.

Leo nilikuwa kwenye kiti chake. Gego la chini, kushoto. Daktari Tadokoro akanijaza mashine mdomoni, halafu ndipo akaanza mazungumzo ya chama. Ndivyo alivyo. Akasema shida yangu kwenye panga ni pupa. Akasema nausogelea upanga kama mtu anayetafuta choo. Nikajibu aaa. Akasema amefurahi nimekubali.

Sikukubali!

Chama chetu ni cha silaha za kale. Tuko kumi na tisa. Mara moja kwa mwezi tunakutana ukumbi wa mtaa, na Mwalimu Ukai, mnoaji wa panga tangu ujana wake, anapanga panga tano juu ya kitambaa cheupe. Mipini amekwisha kuitoa. Mkia wa upanga, kile chuma kinachoingia ndani ya mpini, anaufunga kwenye mfuko, maana hapo ndipo fundi alipochonga jina lake. Sisi tunaangalia chuma kilichobaki nje, basi. Unaandika kwenye kikaratasi ni kazi ya fundi gani. Mwalimu anakurudishia neno moja. Umepata: Ndiye. Umekosa lakini ni fundi wa ukoo huohuo: Nduguye. Mkoa ndio, mtu sio: Njia hiyo. Umepotea kabisa: Siye. Unaruhusiwa kukisia mara tatu.

Mshindi wa mwezi anaandikwa kwa brashi kwenye ubao wa ukumbini. Tadokoro yumo mara kumi na moja. Hachiya Morio, yaani mimi, hamna. Hata seremala aliyeuranda ubao ule jina lake lipo, kwa nyuma.

Mwezi huu napanda ubaoni. Nimeapa huku nusu ya mdomo imekufa ganzi, lakini kiapo ni kiapo.

Jumamosi, 7 Machi

Kwa baba mkwe, Mzee Inaba. Ana miaka themanini na sita na upanga mmoja. Baba yake aliuvaa vitani ndani ya ala ya jeshi iliyovikwa ngozi, akarudi nao, akauficha darini hadi waliokuja baada ya vita kukusanya silaha walipoondoka. Sasa una hati yake ya serikali, halali kabisa. Mara mbili kwa mwaka mzee anaufuta mafuta ya zamani na kuupaka mapya.

Leo mikono ilimtetemeka. Mafuta yakamwagika kwenye mkeka. Akasema siku ya makaburi, tarehe ishirini, atatuambia nani atautunza kuanzia sasa. Mtoto wa kiume hana. Ana Mitsue tu, mke wangu, ambaye upanga ukichomolewa anakwenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

Kwa hiyo ni mimi. Nani mwingine?

Akanipa nifute. Nikaweka karatasi mdomoni kama inavyotakiwa, nikaishika kwa midomo ili pumzi isiguse chuma. Na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita ya ndoa, akaniruhusu kutoa mpini. Nikagonga kigingi cha mwanzi, nikavuta. Mkia mweusi, kutu ya mamia ya miaka, ile ambayo hata kichaa haisugui, maana ndiyo inayoonyesha umri wa upanga. Na jina.

Kunitsura!

Nusura nimeze karatasi. Panga za Kunitsura zinakaa makumbusho, nyuma ya kioo, na mlinzi.

Mzee akaniuliza, "Umeona nini, Morio?" Nikaguna, karatasi ipo mdomoni. Akauliza hapa kwenye makali je. Nikaguna. Na hapa mgongoni? Nikaguna. Alikuwa anangoja nimalize nitoe karatasi nimjibu. Nilipoitoa nikamwambia ni upanga mzuri sana.

Nakiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Macho yangu hayakutoka kwenye jina. Upanga wenyewe ungekuwa wa plastiki nisingejua.

Jumapili, 8 Machi

Mpango umenijia nikiwa naoga. Mipango yangu mizuri yote hunijia bafuni.

Mwenye upanga haruhusiwi kuukisia. Sawa. Lakini upanga si wangu. Bado! Mzee Inaba si mwanachama, na Mwalimu hajui kwamba ni baba mkwe wangu. Mzee akiuazima chama kwa jina lake, utakaa mezani kati ya zile tano, umefungwa mfuko, na katika ukumbi mzima mtu mmoja tu atakuwa anajua kilicho ndani ya mfuko.

Nilimpigia mzee kabla nywele hazijakauka. Nikamwambia chama kingeona heshima kubwa upanga wa marehemu baba yake ukitazamwa na watu wanaojua. Akauliza ni watu gani hao wanaojua. Nikataja Mwalimu Ukai. Akasema baba yake angefurahi. Nikamwomba asinitaje, kwa sababu ya taratibu. Akauliza taratibu gani. Nikasema taratibu za chama.

Nakiri, hapo moyo ulinichoma. Ukaacha.

Jumanne, 10 Machi

Mzee amempelekea Mwalimu upanga jana, kwa teksi, ameutia alani, na hati yake kifuani. Amenisimulia kwa simu. Mwalimu aliuchomoa, akautazama muda wote wa chai na chai ya pili. Akatoa mpini, akatazama jina, akacheka kidogo. Halafu akasema, "Huu utatufundisha."

Unaona! Hata Mwalimu!

Mazoezi ya uso wa kushangaa mbele ya kioo. Dakika ishirini. Mitsue akapita, akaniuliza kama gego limeanza tena.

Ijumaa, 13 Machi

Kikwazo. Chavua za mierezi zimeanza, mji mzima macho mekundu. Mimi na chafya tuna historia pale chamani. Masika ya mwaka juzi nilipiga chafya juu ya upanga wa Tadokoro, na mate yakaacha vidoa vitatu vya kutu. Aliulipia unolewe upya. Kidoa kimoja hakikutoka. Amekipa jina. Akiwaonyesha wageni anasema hapa ni makali, hapa ni ncha, na huyu ni Hachiya.

Tangu hapo chama kimenichorea mstari wa chaki. Mwezi Machi na Aprili natazama panga nikiwa nyuma ya mstari, barakoa mbili.

Zamani niliona ni uonevu. Safari hii sijali. Anayejua jibu hahitaji kusogea.

Mitsue kaniuliza mbona napiga mluzi. Nimemwambia masika.

Jumapili, 15 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, kila kitu, hata panapouma.

Nilifika wa kwanza. Wa pili kufika alikuwa Mzee Inaba. Suti nyeusi, ile ya mazishi. Mwalimu alimwalika mwenyewe, aje aone watu wakiutazama upanga wa baba yake. Wakamweka kwenye kiti kizuri karibu na jiko la mafuta ya taa, wakampa chai. Tukatazamana. Akainamisha kichwa kama mtu asiyenijua. Alikuwa anatunza taratibu za chama. Mungu wangu.

Upanga namba moja nilipata Siye, Siye, Siye. Namba mbili vilevile. Namba tatu nilipata Njia hiyo, na mtu akanipigia makofi.

Namba nne ulikuwa wetu. Nikasimama nyuma ya chaki yangu. Ili nisishukiwe nikahesabu hadi sitini kabla ya kuandika. Nilifika arobaini. Kunitsura. Nikakunja kikaratasi, nikapeleka, nikakaa, nikaandaa uso wa kushangaa.

Kikarudi. Siye.

Uso wa kushangaa ulikuja wenyewe.

Nikadhani mwandiko wangu ni mbaya. Nikaandika tena, herufi kubwa, wino mwingi. Siye. Nikadhani Mwalimu kachanganya vikaratasi, uzee huo. Mara ya tatu nikaandika Kunitsura na chini yake nikaongeza: hakika. Siye. Na chini ya neno lake na yeye akaongeza: hakika.

Wakati huo Tadokoro alikuwa amepiga magoti mbele ya namba nne. Robo saa. Anainama, anainuka, anaugeuza upande wa taa, anaurudisha. Kikaratasi chake cha kwanza, Njia hiyo. Cha pili, Nduguye. Cha tatu akaandika polepole, na Mwalimu akakisoma, akakiweka chini. Nilimwona Mwalimu akitabasamu.

Hapo akili iliniruka. Nakiri. Mtu mzima, baba wa Nao, binti aliyeajiriwa Osaka, nikasimama nikauvuka mstari wa chaki.

"Mwalimu, samahani. Namba nne umekosea."

"Nimekosea wapi, Hachiya?"

"Ni Kunitsura."

"Umekitazama chuma ukaona hivyo?"

"Imeandikwa, Mwalimu."

Birika juu ya jiko lilikuwa likichemka, sasa likasikika. Mwalimu akautazama ule mfuko. Umefungwa vizuri, kamba imezungushwa mara mbili.

"Imeandikwa wapi?"

Sauti ikatoka karibu na jiko, ndogo sana, ya mtu anayeomba radhi.

"Huyo ni mkwe wangu."

Hakuna aliyecheka. Ningewashukuru kama wangecheka.

Mwalimu akafungua kamba. Jina likaonekana, Kunitsura, kama nilivyoliona. Akawaita wote wasogee, mimi pia, barakoa zangu mbili. Akaonyesha kwa kijiti. Kutu iliyo ndani ya herufi ni changa kuliko kutu iliyozizunguka. Maana yake mkia ulikaa mamia ya miaka bila jina lolote, halafu mfanyabiashara mmoja akachonga jina kubwa ili auze vizuri. Upanga wenyewe ni wa Kanetoshi. Fundi wa hapahapa Seki. Alikuwa akifua panga za askari wa kawaida kwa dazeni. Tanuri lake lilikuwa pale ilipo sasa sehemu ya kuegesha magari ya kiwanda chetu. Naegesha hapo kila siku!

Nikamtazama Mzee Inaba. Mikono juu ya magoti. Tangu vita familia yake inaishi na jina lile, na limekufa mbele ya watu kumi na tisa kwa sababu mkwe wake alitaka kuandikwa kwenye ubao.

Hakunitazama. Alimgeukia Tadokoro. "Na wewe, daktari, umeona nini?"

Daktari akaenda kupiga magoti karibu na kiti chake. Akamwambia chuma kilifuliwa haraka lakini na mtu mwaminifu, hakina ufa. Akamwonyesha makali yamenolewa mara nyingi, kila mara kidogo, na mtu mwenye subira. Kisha akamshika mzee kidole, akakifunika kwa kipande cha hariri, akakipitisha juu ya mgongo wa upanga mpaka mahali penye kishimo kidogo kama cha punje ya mchele. Akasema hapo upanga mwingine uligonga, zamani sana kabla ya vita vya baba yake, na aliyeushika huu alipona siku ile.

"Baba hakuniambia," mzee akasema. Akakipapasa tena. "Mimi mwenyewe niliona ni uchafu wa chuma."

Jina la Tadokoro limepanda ubaoni. Mara ya kumi na mbili.

Nikamrudisha mzee nyumbani kwa gari. Upanga mapajani. Neno alilosema ni moja tu, kwamba nizime redio. Redio ilikuwa imezimwa.

Jumatatu, 16 Machi

Nimemweleza Mitsue yote. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Nilipomaliza akasema, "Baba Nao, umeiba majibu ya mtihani, na majibu yenyewe si sahihi."

Nikamwambia najuta. Akasema anajua. Akasema majuto yangu anayafahamu kwa sauti, kama anavyoifahamu mashine ya kufulia ikifika mwisho.

Nimeamua. Siku ya makaburi nitamkiri mzee kila kitu mbele ya baba yake. Siyo nusunusu. Na nikishakiri atasamehe, na akishasamehe atanipa upanga, nami nitautunza kama mtu mpya.

Ijumaa, 20 Machi

Makaburini. Tumesugua jiwe, tumemwaga maji, tumewasha ubani. Mitsue alikuwa ametengeneza madonge ya wali yaliyofunikwa maharagwe matamu, kama kila mwaka. Upepo umejaa chavua.

Nikapiga magoti chini kwenye kokoto, nikakiri. Kwamba nilimtumia. Kwamba hakuna taratibu za chama zinazokataza kumtaja mkwe, nilizitunga nikiwa na taulo kiunoni. Kwamba siku ile ya mafuta aliniuliza nimeona nini mara tatu na sikuona kitu. Katikati nikapiga chafya nne. Nikaendelea.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho huku akila. Donge la tatu alipolimaliza akajifuta vidole.

"Nimekusamehe, Morio. Toka Jumapili nilikwisha kukusamehe, pale kwenye taa za barabarani."

Nilitaka kulia. Nikamshika mkono. Nikamwambia upanga nitautunza kuliko macho yangu.

"Upanga nimempa daktari. Amekuja jana kuuchukua, hati tumeshaibadilisha jina."

Nikasema kwa upole kabisa kwamba daktari si mtu wa familia.

"Ameutazama," mzee akasema. "Wewe umesoma." Halafu, kwa kuwa si mtu mbaya, akaongeza kwamba daktari ameahidi kuuleta mara mbili kwa mwaka, waufute pamoja, amshikishe kile kishimo. Naruhusiwa kuwepo. Nikae upande wa mlango.

Akatoa kitu kwenye mfuko wa koti, amekifunga vizuri kwa karatasi nyeupe. Nikafikiri ni kile kigingi cha mwanzi, kumbukumbu. Nikafungua. Ni karatasi za kuweka mdomoni wakati wa kufuta upanga. Mkebe mzima, mia mbili.

"Uanze nazo nyumbani," akasema. Mitsue akageuka akatazama kaburi la jirani. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Jumatano, 25 Machi

Nimebadilika. Naandika kwa moyo mweupe.

Niliandika barua ya kujiuzulu chamani. Mwalimu Ukai ameirudisha, ameandika juu yake neno moja: Siye. Chini akaeleza adhabu yangu, nitaosha vikombe vya chai hadi Septemba. Nimekubali. Ni haki. Nimekaa siku tatu nikitafakari maneno ya mzee, kwamba daktari ametazama na mimi nimesoma. Kweli tupu. Sitayasahau. Kuanzia sasa silaha yoyote itakayopita mbele yangu nitaitazama yenyewe, chuma na mti wake.

Mwezi ujao ni zamu ya bunduki. Zile ndefu za utambi, za askari wa miguu wa zamani. Kwenye hizo jina la fundi liko chini ya mtutu, limefichwa na mti, hulioni mpaka utoe vijiti vitatu.

Mjomba wa Mitsue kule Mino anayo moja juu ya mlango wake, ina hati, na hakuna mtu wa chama anayemfahamu. Jana nilimtembelea tu, salamu, nikamchukulia na keki. Nikaomba kuitazama. Na nimeitazama! Dakika nne nzima. Mti ni wa kahawia. Mjomba akawa ananiuliza naona nini, lakini nilikuwa nimeshaweka karatasi mdomoni, zile za mzee, zinasaidia sana.

Halafu ndipo nikatoa vile vijiti vitatu. Safari hii sikufanya pupa. Jina nimelisoma mara tatu, na kutu ndani ya herufi nimeikagua kwa tochi. Ni ya zamani kabisa, nina hakika.

Mjomba amekubali kuiazima. Nimemwomba asinitaje.